Bjørn Dæhlie: maswali mnayoniuliza kuhusu Mnorwei aliyemsubiri Mkenya

Kila theluji ya kwanza inapoanguka huku Norwei nami nikatuma picha nyumbani, simu huanza kuita. Binamu zangu wa Eldoret wanataka habari za Philip Boit na yule mzungu aliyemsubiri. Shemeji yangu wa Tanga anauliza kama kuteleza huko ni mchezo kweli au ni namna tu ya kufika dukani. Mama mdogo anataka kujua iwapo mtu hafi kwa baridi. Nimeyakusanya maswali hayo hapa niyajibu kwa kirefu, kwa sababu kwenye simu sijawahi kulimaliza hata moja, na mtu huyu nampenda mno kumweleza nusunusu.

Dæhlie ni nani, kwa maneno machache?

Ni Mnorwei aliyezaliwa Elverum tarehe 19 Juni 1967, akashindana katika skii za masafa marefu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 1999. Katika muda huo alivuna medali 12 za Olimpiki, 8 za dhahabu na 4 za fedha. Shaba ya Olimpiki hana hata moja. Ubingwa wa Dunia ulimpa medali nyingine 17, 9 kati yake dhahabu. Kombe la Dunia, ambalo ni shindano la msimu mzima la kujumlisha pointi, alilitwaa mara 6: 1992, 1993, 1995, 1996, 1997 na 1999. Mnaona miaka miwili imerukwa hapo katikati. Miaka hiyo alikuwa wa pili.

Jina lake linatamkwaje?

Sema «Byon Deli», na hiyo e uipanue mdomo kidogo, karibu na a. Herufi h haisikiki. Watangazaji wengi wa kwetu walisema «Daili», wala si kosa la kuwagombeza.

Huo mchezo wenyewe ukoje?

Mnayoyaona kwenye televisheni mara nyingi ni ya watu wanaoporomoka mlimani kama jiwe. Huu si huo. Hapa mtu anavaa skii nyembamba, kiatu kimeshikwa mbele tu na kisigino kiko huru, ana fimbo mbili mkononi, na anakwenda kilomita 10, 15, 30, hata 50 katika njia inayopanda, inayoshuka na inayotambaa. Anayejua mbio za nyika ataelewa mara moja. Maumivu ni yaleyale, ila huku mikono nayo inakimbia.

Mitindo ni miwili. Wa klasiki, skii zinafuata mifereji miwili iliyochorwa kwenye theluji na mtu anapiga hatua za mbele. Wa huru, anasukuma kwa pembeni, kushoto na kulia. Dæhlie alishinda dhahabu za Olimpiki kwa mitindo yote miwili, na hilo kwangu ni kubwa kuliko idadi ya medali, maana ni kama mwanariadha mmoja awe bora wa kukimbia na wa kuruka viunzi.

Halafu kuna nta. Bila kuielewa nta hamtaelewa kwa nini bingwa anaweza kuwa wa kwanza leo na kupotea kesho. Jirani yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, kila Jumamosi ya baridi hutoka barazani na kipimajoto. Hakiangalii mara moja. Anakichomeka kwenye theluji, anasubiri, anakitazama, anakichomeka kwingine. Kisha anafungua sanduku lake la vikopo: nta ya buluu kwa baridi kali, ya zambarau karibu na sifuri, nyekundu theluji ikianza kulowa. Anaipaka chini ya skii, pale unapokanyaga mguu, halafu anaisugua kwa kipande cha gome laini mpaka ing'ae. Na kama theluji imeyeyuka ikaganda tena, anatoa ile ya kwenye tyubu inayovutika kama ulimbo wa kunasia ndege. Kazi ya nta hiyo ni kushika theluji unapokanyaga na kuiachia unapoteleza. Ikishika mno, unabeba theluji miguuni kama matope ya masika. Ikishika kidogo, unapiga hatua mlimani unarudi nyuma.

Februari 1998, kwenye Olimpiki ya Nagano huko Japani, Dæhlie, aliyekuwa bora duniani, alimaliza kilomita 30 za klasiki akiwa wa 20. Siku tatu baadaye alikuwa na dhahabu shingoni. Mapafu yake hayakuwa yamebadilika.

Alianza vipi? Wanorwei si huzaliwa na skii miguuni?

Ndivyo wanavyosema wenyewe, kwamba wamezaliwa na skii miguuni. Lakini Dæhlie utotoni alipenda pia mpira wa miguu, uwindaji na uvuvi, na hakuanza akiwa mtoto wa ajabu wa kuonyeshwa magazetini. Klabu yake ikawa ya Nannestad, kaskazini ya Oslo. Mwaka 1988 alikwenda na timu ya taifa kwenye Olimpiki ya Calgary, Kanada, lakini hakupewa mbio hata moja. Alikaa akatazama. Desemba 1989 akashinda mbio zake za kwanza za Kombe la Dunia, na mwaka 1991 huko Val di Fiemme, Italia, akawa bingwa wa dunia wa kilomita 15 mtindo huru. Kutoka hapo haikupita miaka mingi bila dhahabu.

Albertville 1992 kulitokea nini? Watu wa huku bado wanaizungumzia.

Wana haki. Kwenye Olimpiki hiyo ya Ufaransa mbio za skii za wanaume zilikuwa tano, na Norwei ikachukua zote tano. Watu wawili walizigawana: Vegard Ulvang na Dæhlie, dhahabu tatu kila mmoja, ya mbio za kupokezana ikiwa yao wote. Ulvang alianza kwa kilomita 30, na Dæhlie akapata fedha nyuma yake. Ulvang akachukua kilomita 10 pia. Zikafuata za kukimbizana, ambazo mtu anaanza na pengo alilolipata siku ya kilomita 10, kwa hiyo wa kwanza jana ndiye anayetangulia kutoka leo. Dæhlie alitoka nyuma, akawafuata, akawapita wote pamoja na Ulvang mwenyewe. Mwishoni akashinda kilomita 50 mbele ya Waitalia wawili, Maurilio De Zolt na Giorgio Vanzetta.

Hao wawili, Ulvang na Dæhlie, waliendelea kuwa marafiki. Baadaye walifanya pamoja vipindi vya televisheni vya kusafiri porini, na kuna Wanorwei wanaowakumbuka zaidi kwa moto wa kambi na samaki wa kukaanga kuliko kwa mbio.

Ni kweli aliwahi kumaliza mbio kinyumenyume?

Kweli. Ni hapohapo Albertville, kwenye mbio za kupokezana za watu wanne, kila mmoja kilomita 10. Terje Langli, Ulvang na Kristen Skjeldal walikuwa wamemkabidhi uongozi mkubwa kiasi kwamba alipofika mwisho hapakuwa na mtu wa kumtishia. Akageuka, akavuka mstari mgongo mbele, uso umeelekea alikotoka.

Wengine waliona ni majivuno. Mimi nikiitazama namwona kijana wa miaka 24 ambaye furaha imemzidi. Lakini nawaomba mshike picha hiyo ya mtu anayevuka mstari akitazama nyuma, kwa sababu tutamkuta tena amesimama kwenye mstari anatazama nyuma, na safari hiyo hakuna atakayemwita mwenye majivuno.

Je, aliwahi kushindwa mbele ya watu wake?

Hapa ndipo Wanorwei wa umri fulani hunyamaza kwanza.

Mwaka 1994 Olimpiki ilifanyika kwao, Lillehammer. Dæhlie alishinda kilomita 10 za klasiki, akashinda na za kukimbizana. Kwenye kilomita 30 alizidiwa na Mnorwei mwenzake Thomas Alsgaard, kijana wa miaka 22 ambaye wengi hawakumtarajia. Hayo yote yalivumilika. Kilichobaki kooni ni mbio za kupokezana.

Norwei nzima ilikuwa imekuja. Watu walijaa uwanjani na msituni kandokando ya njia, zaidi ya laki moja, wengine wamelala kwenye mahema katika baridi kali ili wapate nafasi. Zamu ya mwisho ilibaki kati ya Dæhlie na Silvio Fauner wa Italia. Wakaingia uwanjani pamoja, skii kwa skii, na kwenye mita za mwisho Fauner akawa na kasi zaidi. Tofauti ilikuwa sekunde 0.4. Baada ya kilomita 40 za watu wanne kila upande, sekunde 0.4.

Wanaosimulia wanakumbuka ukimya zaidi ya kelele. Jirani yangu alikuwepo na mwanawe mdogo, na anasema kwamba alichosikia ni Waitalia wachache wakishangilia mbali, na mtoto akiuliza, «Baba, imekwisha?» Mmoja wa Waitalia wanne waliokimbia, De Zolt, alikuwa na umri wa miaka 43. Hilo nalo lisisahaulike, kwa sababu waliwashinda kwa haki.

Dæhlie hakuwa mtu wa kasi ya mwisho, na yeye na wapinzani wake walilijua hilo. Namna yake ya kushinda ilikuwa kuwachosha wenzake mapema, mlimani, mpaka pasibaki mtu wa kukimbizana naye mwishoni. Siku akifika na mtu pembeni, ilikuwa hatari. Miaka minne baadaye, huko Japani, timu ya Norwei ilimpa zamu ya tatu na kumwachia Alsgaard ya mwisho. Wakakutana na Fauner yuleyule, na safari hiyo Norwei ikashinda kwa sekunde 0.2. Dæhlie alikubali kumpisha mwenzake mahali pa heshima kwa sababu mwenzake alikuwa na mbio za mwisho kumzidi. Mabingwa wa kukubali jambo hilo si wengi.

Haya, tuambie sasa ya Boit.

Philip Boit ni mtu wa Eldoret, mkimbiaji wa mita 800, kutoka ukoo wa Mike Boit aliyeipatia Kenya shaba ya mita 800 huko Munich mwaka 1972. Mwaka 1996 kampuni ya Nike ilimgharimia yeye na Henry Bitok kwenda Ufini kujifunza skii. Hakuwa ameiona theluji kabla ya hapo. Fikirini: mtu mzima, mapafu ya mwanariadha, lakini hajui hata kusimama juu ya hivyo vijiti viwili. Wafini wa miaka mitano wanampita. Alijifunza kwa takriban miaka miwili, kisha akapelekwa Olimpiki ya Nagano, Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi.

Mbio zake zilikuwa kilomita 10 za klasiki, tarehe 12 Februari 1998, kwenye njia za Hakuba. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, theluji nzito imelowa kwa mvua, ile inayoganda chini ya skii ukawa unatembea juu ya mabonge. Kumbukeni niliyosema kuhusu nta. Hata waliozaliwa nayo walitaabika.

Dæhlie alimaliza kwa dakika 27 na sekunde 24.5. Ilikuwa dhahabu yake ya sita ya Olimpiki. Kwa kawaida mshindi hapo hupewa blanketi, maji ya moto, waandishi, kisha jukwaa. Wateleza skii wengine wakaendelea kuingia, mmoja mmoja, hadi njia ikaonekana tupu. Kumbe haikuwa tupu. Boit alikuwa bado yuko huko msituni, peke yake, anapanda.

Dæhlie akasubiri. Inasimuliwa kwamba waandaaji walitaka kuanza sherehe ya medali na yeye hakukubali kuondoka. Boit akatokea, watazamaji wakaanza kupiga kelele, akavuka mstari kwa dakika 47 na sekunde 25.5, nafasi ya 92, ya mwisho. Dakika 20 na sekunde 1 nyuma ya mshindi. Na mshindi alikuwa hapo mstarini, amesimama kwenye mvua, akamkumbatia.

Kwa nini alisubiri? Si alitaka kupigwa picha tu?

Binamu, nimelifikiria sana swali lako.

Mtu wa kutafuta picha hasimami dakika 20 kwenye theluji ya maji akiwa amelowa jasho. Ukimaliza mbio za namna ile mwili unaporomoka haraka, baridi inaingia kwenye mifupa, na Dæhlie alikuwa na mbio nyingine baada ya siku mbili tu. Kwa hesabu ya mchezo alipaswa kuwa ndani, amevaa nguo kavu. Alihatarisha kitu halisi.

Nadhani alijua kilichomo ndani ya dakika 47. Watazamaji huona aliyechelewa na kumhurumia. Aliyepita njia ileile anajua kwamba Boit alipanda vilima vilevile, kwa muda karibu mara mbili, bila mtu wa kumfuata mbele wala wa kumsukuma nyuma, akijua kila hatua kwamba wengine wamekwisha maliza. Mwanariadha wa Eldoret anaweza kuacha. Hakuna ambaye angemlaumu. Hakuacha, na mtu aliyekuwa na uwezo wa kuupima ukubwa wa jambo hilo alikuwa mshindi.

Boit aliendelea, au ilikuwa mara moja tu?

Aliendelea. Alirudi Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002 na ya Turin mwaka 2006. Kenya ikapata mshiriki mwingine mwaka 2018, Sabrina Simader, yeye akiwa wa skii za kuteremka mlimani.

Mbio gani za Dæhlie nizitafute nikitaka kuona mara moja tu?

Kilomita 50 za Nagano, tarehe 22 Februari 1998, siku ya mwisho ya Olimpiki hiyo na mbio zake za mwisho za Olimpiki, ingawa hakuna aliyejua wakati ule.

Alitumia zaidi ya saa mbili na dakika tano. Mwishoni Msweden Niklas Jonsson alikuwa anamla polepole, na Dæhlie alikuwa ameishiwa. Mwili ulikuwa umekwisha kukataa, fimbo zinaingia kwenye theluji bila nguvu, kichwa kinayumba. Akavuka na kuanguka palepale, akalala muda mrefu kifua kikipanda na kushuka. Alishinda kwa sekunde 8.1. Hiyo ilikuwa dhahabu ya nane, ambayo kabla yake hakuna mtu aliyeifikia katika Olimpiki ya baridi.

Nimeitazama mara nyingi. Jonsson naye alianguka kwenye theluji karibu naye. Wawili wamelala, hakuna anayejali nani wa kwanza kwa dakika hizo chache.

Tunasikia mapafu yake yalikuwa ya ajabu. Kuna ukweli?

Kipimo kinachotajwa ni cha kiasi cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia ukiwa kwenye juhudi ya mwisho. Cha Dæhlie hutajwa kuwa mililita 96 kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Kijana wa kawaida mwenye afya huwa na 40 hadi 50. Wapo wataalamu wanaobishana kuhusu namba hiyo, lakini hata ukiipunguza bado anabaki kati ya watu wachache kabisa waliowahi kupimwa hivyo.

Msimpe Mungu sifa zote hapo mkasahau mazoezi, maana kipimo peke yake hakikumpa mbinu ya nta wala uvumilivu wa Calgary.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa nani?

Vladimir Smirnov, aliyeanza akiwa chini ya Umoja wa Kisovyeti na kumalizia akiwa Mkazakhstani. Kombe la Dunia la 1994 lililomponyoka Dæhlie lilikwenda kwake, na Lillehammer, baada ya fedha mbili nyuma ya Dæhlie, alishinda kilomita 50, naye akashangiliwa na Wanorwei kama mtoto wao. Kwenye Ubingwa wa Dunia wa Falun, Sweden, mwaka 1993 walimaliza pamoja kiasi kwamba picha ndiyo iliyoamua, na ikaamua kwa Dæhlie. Hawakukosana. Wakabaki marafiki.

Je, alitumia dawa?

Hakuwahi kupatikana na kosa la dawa. Naelewa kwa nini mnauliza: miaka ile mchezo wa skii ulikuwa na kivuli, na mwaka 2001 huko Lahti Wafini sita walikamatwa, akiwemo bingwa wa Olimpiki Mika Myllylä. Mimi nashika kilichothibitishwa, kwa Dæhlie na kwa mwanariadha wa kwetu vilevile. Tumeshaona Kenya jinsi mnong'ono unavyoweza kumpaka mtu asiye na hatia.

Alistaafu kwa nini akiwa bado anashinda?

Hakustaafu kwa hiari. Msimu wa 1998/99 alichukua Kombe lake la Dunia la sita. Agosti 1999 alikuwa kwenye mazoezi ya kiangazi, kwenye skii za magurudumu ambazo Wanorwei huzitumia barabarani theluji ikiwa haipo. Akaanguka vibaya, mgongo ukaumia. Alikuwa na umri wa miaka 32.

Waliomjua walidhani ni miezi kadhaa. Alitibiwa, akafanyiwa upasuaji, akajaribu kurudi, mgongo ukakataa. Alikuwa na nia ya kufika Salt Lake City mwaka 2002. Machi 2001 akatangaza kwamba basi.

Kinachoniuma hapo ni kwamba mtu ambaye habari zake zote zimeandikwa kwenye mistari ya kumalizia, wa kinyumenyume, wa sekunde 0.4, wa kusubiri, wa kuanguka, mwisho wake haukuwa na mstari. Ulikuwa lami, kiangazi, bila mtazamaji. Wakimbiaji wetu wengi wamekwisha hivyohivyo, kwenye barabara ya mazoezi asubuhi, kwa msuli mmoja.

Nani mkubwa, yeye au Johannes Klæbo?

Vijana wa hapa watakucheka ukiuliza. Klæbo, aliyezaliwa 1996, ameipita idadi ya ushindi 46 wa Dæhlie kwenye mbio za Kombe la Dunia, na kwenye Ubingwa wa Dunia wa Trondheim mwaka 2025 alishinda mbio zote sita za wanaume. Nilisimama kandokando ya njia siku mojawapo na sijawahi kuona mtu anapanda kilima kwa kukimbia vile, kama anapanda ngazi za nyumbani kwake.

Lakini wakati wa Dæhlie mbio fupi hazikuwepo kwenye Olimpiki, zilikuja 2002. Kila dhahabu yake ililipwa kwa kilomita 10 na kuendelea. Tena tusiwasahau wengine: Ole Einar Bjørndalen alizipita medali zake 12 mwaka 2014, na mwaka 2018 mwanamke, Marit Bjørgen, akafikisha dhahabu 8 kama yeye na medali 15 kwa jumla. Nikilazimishwa, kwa ustadi nasema Klæbo. Kwa mtu ninayetaka awe kwenye mstari nikiwa wa mwisho, nasema Dæhlie.

Siku hizi anafanya nini?

Biashara. Nguo za michezo zenye jina Dæhlie zilianza mwaka 1996, zinauzwa mpaka leo, na koti langu la mazoezi ni mojawapo. Amewekeza pia kwenye ardhi na majengo.

Mama mdogo anauliza: yule mtoto wa Boit, ni kweli alipewa jina la mzungu?

Ni kweli, mama. Na wewe uliyeolewa Uasin Gishu unajua Wakalenjin wanavyoita watoto: aliyezaliwa kwenye mvua ni Kiprop, wa usiku ni Kiplagat. Jina linasema mtoto alikuja wakati gani, kulikuwa na nini. Boit aliporudi kutoka theluji ya Nagano alimpa mwanawe jina linalosema kulikuwa na nini. Alimwita Dæhlie.